Nambari Mbili Kwenye Darubini: Zisome Kabla ya Kutoa Pesa za Kikundi

Mazungumzo ya afisa wa utalii wa kaunti na waongoza watalii, maskauti wa msitu, wafugaji wa vipepeo na wavuvi, karibu na Hori ya Mida, Kaunti ya Kilifi. Tunayachapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.



Nimeombwa nizungumze juu ya darubini, zile za macho mawili ambazo mwongoza watalii huzivaa shingoni. Si jambo kubwa kama barabara au maji, najua. Lakini vikundi vingi hapa vimeanza kuweka akiba ya kuzinunua, maana kaskazi inakaribia na ndege wahamiaji wamekwisha anza kushuka kwenye hori yetu. Akiba hiyo si ya mtu mmoja. Imetoka kwenye ada za wageni, kwenye asali, kwenye vipepeo, shilingi kwa shilingi. Na muuzaji wa darubini mbovu anajua jambo moja kuhusu mnunuzi: anapenda nambari kubwa.

Hapa mezani ziko nne. Hii ndogo inayoingia mfukoni imeandikwa 8x25. Hii ya pili, 8x42. Hii nzito yenye mabega mapana ni 7x50. Na hii ya nne, yenye lenzi zinazong'aa rangi nyekundu, imeandikwa 30x60 kwa herufi za dhahabu. Kabla sijaanza niliwauliza vijana watatu wangechagua ipi kama wangepewa bure. Wote watatu walinyoosha kidole kwenye 30x60. Tutarudi kwake baadaye, na rula.

Kila darubini ya kweli ina nambari mbili zilizotengwa na alama ya x. 8x42 husomwa nane kwa arobaini na mbili. Alama hiyo huwafanya watu wadhani ni hesabu ya kuzidisha, au kwamba nambari zote mbili ni kipimo kimoja cha nguvu. Sivyo. Ni vipimo viwili vya vitu viwili tofauti kabisa, kama vile mtu anavyotaja urefu wa kamba ya ndoo na ukubwa wa ndoo yenyewe.

Nambari ya kwanza ni ukuzaji. Nane maana yake kitu kinaonekana kikubwa mara nane kuliko kwa macho matupu. Ndege aliye umbali wa mita 80 utamwona kama vile amesimama mita 10 kutoka kwako.

Nambari ya pili haihusiani na ukuzaji hata kidogo. Ni kipenyo cha lenzi ya mbele, ile inayoelekea kwa ndege, kwa milimita. Arobaini na mbili ni sentimita nne na milimita mbili, na unaweza kuipima kwa rula ya mtoto wa shule. Kazi ya lenzi hiyo ni kukusanya mwanga, kama pipa linavyokinga maji ya mvua chini ya mabati. Mdomo ukiwa mpana, maji mengi yanaingia. Tena hapa kuna jambo la kushangaza kidogo: lenzi ya milimita 50 ina kipenyo mara mbili ya lenzi ya milimita 25, lakini inakusanya mwanga mara nne, kwa sababu kinachokinga mwanga ni eneo la duara zima, wala si upana wake peke yake.

Sasa sikilizeni hesabu moja tu. Nikimaliza leo mkasahau mengine yote, hii msiisahau. Chukua nambari ya pili, igawanye kwa ya kwanza. Kwa 8x42 unapata 5 na kidogo. Hicho ndicho kipenyo, kwa milimita, cha mwanga unaotoka nyuma ya darubini na kuingia kwenye jicho lako. Mnaweza kuuona sasa hivi. Mama, hebu shika hii 8x42, iweke mbali na uso wako kadiri mkono unavyofika, ielekeze kwenye anga jeupe, upande wa pili na jua. Ndani ya kila lenzi ya nyuma unaona kiduara cheupe kinachong'aa, sivyo? Kama tundu la kitasa. Hicho ndicho tunachokizungumzia. Sasa shika hii ya mfukoni, 8x25. Kiduara kimekuwa kidogo, milimita 3 tu. Hii 7x50 ina kiduara cha milimita 7, kikubwa kupita vyote.

Kwa nini kiduara hicho ni muhimu? Kwa sababu jicho nalo lina tundu lake, mboni, ambalo hufunguka na kujifunga. Katika jua la mchana juu ya mchanga mweupe, mboni hujifunga mpaka milimita 2 au 3. Gizani, mboni ya kijana hufunguka mpaka karibu milimita 7. Kwa sisi tuliokwisha kula chumvi nyingi haifunguki hivyo tena, mara nyingi inaishia 5 hivi. Mwanga wa darubini ukitoka kwenye kiduara kidogo kuliko mboni yako, unaona picha yenye giza. Kiduara kikiwa kikubwa kuliko mboni, mwanga wa ziada unaanguka pembeni ya mboni na haukusaidii kuona kwa mwangaza zaidi.

Kwa hivyo mchana wa saa sita, hii ndogo ya 8x25 na hii ya 8x42 zitakuonyesha picha zenye mwangaza unaokaribiana. Muuzaji akikujaribishia darubini nje ya duka saa sita mchana, kila darubini itaonekana nzuri. Tofauti hujitokeza saa kumi na mbili na nusu asubuhi ndani ya msitu, au magharibi ufukweni. Na hizo ndizo saa za kazi zenu. Ndege huamka mapema, na mgeni aliyesafiri kutoka mbali kuja kumtazama mnana wa Clarke, ndege ambaye duniani kote anajulikana katika kaunti hii tu, hatakubali kuambiwa asubiri jua lipande.

Kuna swali linalokuja kila mara: kama kukuza mara nane ni vizuri, mbona kukuza mara ishirini kusiwe vizuri zaidi? Ni swali la haki. Jibu lina sehemu tatu, na ya kwanza iko mkononi mwako mwenyewe.

Hakuna mtu ambaye mkono wake umetulia kabisa. Unapumua, moyo unadunda, upepo unavuma. Darubini inayokuza ndege mara ishirini inakuza na mtetemeko wako mara ishirini. Ndege anarukaruka ndani ya lenzi hata kama yeye amesimama tuli kwenye tawi. Watu wengi wanaweza kushika nane bila shida, kumi kwa mazoezi. Zaidi ya kumi na mbili, unahitaji kuiegemeza mahali au kuiweka kwenye miguu mitatu. Ndiyo maana zile darubini ndefu za jicho moja ambazo watafiti huzitumia hapa Mida kusoma vibandiko vya rangi kwenye miguu ya ndege, zinazokuza mara 20 hadi 60, hazishikwi mkononi kamwe. Kikundi kikipata pesa siku moja kinunue moja kama hiyo, ni nzuri mno kwa hori. Lakini ni kifaa kingine, na miguu yake ni sehemu ya bei.

Sehemu ya pili ni upana wa kile unachokiona. Kadiri unavyokuza, ndivyo dirisha linavyokuwa jembamba. Kwenye darubini nyingi upana huu umeandikwa karibu na lenzi ya nyuma, kwa mfano 130m/1000m, maana yake ukitazama mahali palipo umbali wa mita 1000 unaona eneo lenye upana wa mita 130. Wengine huandika kwa digrii. Kila digrii moja ni kama mita 17 na nusu kwa umbali huo. Tuchukue mfano wa msituni, Arabuko-Sokoke, ndege yuko mita 20 juu ya mrihi. Kwa darubini ya 8x42 yenye upana wa mita 130, unaona kipande cha matawi cha mita 2.6. Kwa 20x50 yenye upana wa mita 56, unaona mita 1.1 tu. Majani yote yanafanana. Utakapompata ndege, naye ameshahama, na mgeni anakuuliza yuko wapi.

Ndege wa mirihi huenda kwa makundi, wanapita juu kwa juu kwa haraka, wa aina mbalimbali pamoja. Hapo upana wa dirisha ndio unaokupa mkate.

Sehemu ya tatu wavuvi wanaijua kuliko mimi: mazigazi. Maji yakiwa yametoka na jua limepasha matope ya hori, hewa inachezacheza juu yake. Ndege wa mbali wanaonekana kama wanaelea kwenye mvuke. Hakuna darubini inayoondoa mazigazi. Ukikuza zaidi, unakuza mazigazi.

Basi nambari gani inafaa? Nitasema maoni yangu waziwazi. Kwa mwongoza watalii na skauti anayepita msituni na horini, 8x42. Ikiwa kazi yako karibu yote iko kwenye hori wazi na mkono wako umetulia, 10x42 inakubalika. Kiduara chake ni milimita 4.2, na utapoteza upana kidogo. Kuna watu watabishana nami kuhusu nane na kumi mpaka usiku, na si ugomvi mbaya. 8x32 ni nyepesi, kiduara cha milimita 4, nzuri kwa mtu anayetembea siku nzima. Ya mfukoni ya 8x25 ni bora kuliko kukosa, lakini isiwe ndiyo darubini pekee ya kikundi, maana asubuhi mapema itawaangusha.

Kwa chombo cha baharini, 7x50. Mabaharia wameitumia kwa miaka mingi na sababu yake sasa mnaijua. Kukuza mara saba tu, ili chombo kikiyumba picha isikimbie. Kiduara cha milimita 7, ili magharibi mboni iliyofunguka ipate mwanga wote inayoweza kuupokea. Tena kwa kuwa kiduara ni kipana, jicho halipotezi picha kila wimbi linapokutikisa. Mzee ambaye mboni yake inaishia milimita 5 hatapata mwangaza wote wa 7x50, ni kweli, lakini utulivu wake ataupata. Chombo kimechelewa kurudi, jua limezama, watu wamesimama ufukweni wanatafuta tanga au kichwa cha mtu kwenye maji. Wakati huo ukuzaji mkubwa wenye giza hauna maana. Unahitaji mwanga na upana. Vikundi vya usimamizi wa fuo vinavyopanga vifaa vya uokoaji, tafadhali andikeni 7x50 kwenye orodha, msiandike "darubini" tu mkamwachia mnunuzi achague.

Sasa ile ya nne, 30x60. Nimekwambieni hesabu: 60 gawanya kwa 30, kiduara kingekuwa milimita 2. Hata kama nambari hizo zingekuwa za kweli, darubini hii ingekuwa na giza asubuhi, na haishikiki mkononi. Lakini si za kweli. Kijana, chukua rula, pima lenzi ya mbele. Ngapi? Milimita 22. Sanduku limesema 60. Tuelekeze angani tupime kiduara cha nyuma. Karibu milimita 3. Basi 22 gawanya kwa 3, tunapata kama 7. Darubini iliyoandikwa 30x60 ni 7x22 au karibu na hapo: ni ndogo kuliko hii ya mfukoni iliyojitaja kwa ukweli.

Hilo ndilo jaribio. Kipenyo cha lenzi ya mbele, gawanya kwa kipenyo cha kiduara cha nyuma, unapata ukuzaji halisi. Halihitaji umeme wala fundi. Kuna jingine la kuthibitisha: simama mbele ya ukuta wa matofali, hatua kama ishirini. Jicho la kulia litazame kupitia darubini, la kushoto litazame ukuta moja kwa moja, yote mawili yakiwa wazi. Picha mbili zitalaliana. Hesabu tofali moja lililokuzwa linafunika matofali mangapi ya kawaida. Ukipata saba, ni saba, hata sanduku likisema mia.

Mtu akija na darubini iliyoandikwa 90x90, 100x180 na mfano wa hizo, hata rula usitoe. Darubini ya kukuza mara mia isingeshikika, na lenzi ya milimita 180 ni upana wa sahani ya wali. Kaa mbali pia na zile zinazobadilisha ukuzaji, zilizoandikwa kwa mfano 10-30x50; kwa bei ambazo sisi tunazimudu, zinapunguza upana na ukali wa picha ili zikupe nambari. Na zile zisizo na gurudumu la kurekebisha, zinazodai kuona kila umbali bila kuguswa, hazifai kwa ndege wala kwa vipepeo.

Rangi nyekundu ya lenzi huwavutia wengi. Lakini rangi hiyo ni mwanga uliorudishwa nje. Mwanga mwekundu ambao ungekuja machoni mwako umekataliwa mlangoni, na picha unayoiona imekuwa ya kijanikijani. Lenzi nzuri ikitazamwa pembeni huonyesha kijani au zambarau hafifu, kama mafuta juu ya maji, na kwa ndani inaonekana nyeusi.

Hapo tumefika kwenye utando wa lenzi. Kila mahali mwanga unapoingia au kutoka kwenye kioo kisicho na utando, kiasi cha asilimia 4 hurudi nyuma. Ndani ya darubini kuna sehemu kumi au zaidi za namna hiyo. Fanya hesabu, utakuta theluthi moja ya mwanga imepotea kabla ya kufika jichoni. Utando mzuri hupunguza hasara hiyo isifike asilimia 1 kila mahali. Sandukuni yameandikwa kwa Kiingereza, na maneno ya kutafuta ni "fully multi-coated", yote matatu. Neno moja likikosekana, kuna vioo vilivyoachwa bila utando au vyenye utando wa safu moja. Ndiyo sababu darubini mbili zenye nambari ileile 8x42 zinaweza kutofautiana bei mara kumi. Nambari hukwambia umbo la darubini. Hazikwambii ubora wa kioo.

Kuhusu umbo: kuna zenye mirija iliyonyooka, na zenye mabega ambapo lenzi za mbele zimeachana kuliko za nyuma. Tofauti ni mpangilio wa prizimu, vile vipande vya kioo vya ndani vinavyogeuza picha isimame wima. Za mirija iliyonyooka ni za kisasa na hubebeka vizuri, lakini kuzitengeneza vyema ni ghali. Kikundi chenye pesa kidogo mara nyingi kitapata picha bora kwenye darubini ya mabega kwa bei ileile. Vijana hawazipendi kwa kuwa zinaonekana za kizee. Tazameni picha, msitazame mabega. Na mkiona kile kiduara cha nyuma kina kingo za kijivu kana kwamba kimekatwa kuwa mraba, prizimu zake ni za kioo cha bei ya chini.

Kama unavaa miwani, geuza vikombe vya mpira vya nyuma vishuke chini, na utafute darubini ambayo jicho linaweza kukaa umbali wa milimita 15 au zaidi kutoka kwenye kioo bila kupoteza picha. Wafugaji wa vipepeo, ninyi mtazame umbali mfupi kabisa ambao darubini inaona kwa ukali. Nyingine haziwezi kuona kitu kilicho karibu ya mita 5. Nyingine zinashuka mpaka mita 2, na kipepeo aliyetua kwenye ua anaonekana mpaka magamba ya mabawa. Wageni wanaokuja kutazama kazi ya Mradi wa Kipepeo pale Gede wangefurahi sana kushikishwa darubini ya namna hiyo.

Mkinunua iliyotumika, itikiseni: kisisikike kitu kinachogonga ndani. Itazameni kwa mbele mkimulika tochi: nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni kuvu, na kuvu hula utando wa lenzi. Kisha tazameni nguzo ya umeme ya mbali kwa macho yote mawili. Ukiona nguzo mbili, au ukihisi macho yanavutwa, mirija imepinda. Darubini ya hivyo itakupa kichwa kuuma kwa nusu saa na hapa petu si rahisi kumpata fundi wa kuinyoosha.

Nimeona darubini nzuri zikilaumiwa bure kwa sababu hazikurekebishwa. Jambo hili ni la dakika mbili. Kunja bawaba ya katikati mpaka maduara mawili yawe duara moja. Funika lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, tazama kitu chenye maandishi kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la katikati mpaka maandishi yawe makali. Sasa funika ya kushoto, tazama kitu kilekile kwa jicho la kulia, lakini usiguse gurudumu la katikati. Zungusha pete iliyo kwenye lenzi ya jicho la kulia. Basi. Pete hiyo ina alama. Kwa kuwa darubini ya kikundi hushikwa na watu wengi, kila mwanachama aandike alama yake kwenye daftari la kikundi, asije akaanza upya kila asubuhi mgeni akisubiri.

Hewa yetu ya chumvi na unyevu ni adui wa vioo. Tafuteni iliyoandikwa kwamba haiingizi maji na imejazwa naitrojeni. Hiyo haipati ukungu ndani. Hiyo pekee ndiyo mnaweza kuipitisha kwenye maji baridi kuondoa chumvi. Mchanga upulizwe kwanza, ndipo kitambaa laini kifuate. Pembe ya leso au shati yenye chembe za mchanga ni sawa na msasa. Zile pakiti ndogo za kunyonya unyevu zinazokuja ndani ya masanduku ya viatu, msizitupe. Ziwekeni pamoja na darubini kwenye chombo chenye mfuniko.

Sasa jambo ambalo nalisema kwa uzito wote, hasa kwa walimu na wazazi waliopo. Usitazame jua kwa darubini. Si kwa sekunde moja, si likiwa linachomoza, si likiwa nyuma ya wingu jembamba. Mmeona lenzi ikikusanya miale na kuchoma karatasi. Darubini hufanya hivyo ndani ya jicho. Sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea picha haina neva za maumivu, kwa hiyo mtu haungui akashtuka. Anagundua baadaye kwamba katikati ya kila anachokitazama pana doa, na doa hilo huenda lisiondoke. Tarehe 2 Agosti 2027 kutakuwa na kupatwa kwa jua, na hapa Kenya litafunikwa sehemu tu. Watoto watatafuta kila kitu chenye lenzi. Miwani ya kupatwa kwa jua inayovaliwa usoni haitoshi kwa mtu anayetazama kupitia darubini, kwani lenzi zitaichoma. Darubini za kikundi siku hiyo zifungiwe kabatini.

Na adabu, kwa ufupi. Hatuelekezi darubini kwenye nyumba za watu, kwenye watu wanaooga baharini, wala kwenye kambi za usalama. Mgeni akifanya hivyo, mwongozaji amweleze kwa upole.

Mweka hazina ameniuliza: kikundi kina watu kumi na wawili, je, wanunue nne za bei rahisi au moja nzuri? Nunueni moja nzuri, kisha msimu ujao ya pili. Mgeni akisema anataka kuwaachia zawadi ya darubini, mwambieni nambari: 8x42. Ataheshimu kikundi kinachojua kinachokihitaji. Sababu nyingine ya kununua moja nzuri ni hesabu ya ndege wa majini inayofanywa kila Januari. Kwenye matope pale kuna chamchanga mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini, na pembeni yake yuko mdogo mwenye mdomo mfupi ulionyooka. Wote wana rangi ya kijivu, wote wanakimbia. Ukiwa na picha yenye giza utakisia, na kisio chako kitaandikwa kwenye fomu kana kwamba ni jambo uliloliona. Yule ndege mla kaa, mweupe na mweusi, anayekuja kwetu kutoka fuo za mchanga za Somalia, Bahari ya Shamu na Ghuba, anahesabiwa na watu wa nchi nyingi. Hesabu ya Mida ni sehemu ya picha yake nzima.

Maji yameanza kujaa. Yakijaa, ndege husukumwa kutoka kwenye matope na kusogea karibu na mikoko, kwa hiyo nusu saa ijayo ndiyo yetu. Gawanyikeni vikundi vitatu, kila kikundi kichukue darubini moja kati ya hizi tatu za kwanza, kirekebishe kama nilivyoeleza, kisha mbadilishane. Ya nne iacheni hapa mezani pamoja na rula.